Alama juu ya msimbo wa mwenzako: lini uibandike, na uandike nini

Umefungua ukurasa wa wiki (tovuti ambayo wasomaji wenyewe huiandika na kuihariri) ambao miezi minne iliyopita uliuwekea msimbo wako, mistari kumi na minane ya programu uliyoiendesha mara tatu kabla ya kuihifadhi. Mistari ipo palepale. Ila juu yake sasa kuna kisanduku chenye rangi ya tahadhari, na ndani yake maneno matatu: "Msimbo si sahihi." Basi. Hujui aliyekiweka aliona nini, alitumia toleo gani la lugha, wala anataka ufanye nini. Unauendesha tena, unafanya kazi vilevile kama siku ile. Sasa uchague: ukiondoe kisanduku uonekane mkaidi, au ukiache na kila msomaji apite akiamini ulikosea.

Nimeona wachangiaji wazuri wakitoweka moja kwa moja baada ya kubandikiwa kisanduku cha namna hiyo. Hawakugombana na mtu, hawakuaga, walikaa kimya tu na jina lao halikuonekana tena katika historia ya kurasa. Nimeona pia kinyume chake: msimbo wenye kosa la wazi ukikaa miaka bila mtu kuugusa, kwa sababu kila aliyeliona aliogopa kumkosea adabu mwenzake. Hasara zote mbili zinatokana na jambo moja, nalo ni kwamba hatujakaa tukaelezana alama hizi za visanduku ni za nini.

Tuanze na mahali penyewe. Wiki ya kwanza kabisa ilifunguliwa na Ward Cunningham tarehe 25 Machi 1995, na wateja wake walikuwa waandishi wa programu waliotaka kubadilishana mbinu za kazi yao. Wikipedia ilikuja baadaye, mwaka 2001. Mwaka 2007 ikaanzishwa Rosetta Code, wiki ambayo kazi moja, tuseme kupanga orodha au kutafuta namba tasa, hutatuliwa kwa lugha nyingi za programu na masuluhisho yote yakawekwa kwenye ukurasa mmoja. Jina limetokana na jiwe la Rosetta lililopatikana Misri mwaka 1799, lenye tangazo moja lililochongwa kwa hati tatu. Ni kwa kulinganisha hati hizo ndipo msomi Mfaransa Champollion alipofumbua maandishi ya Misri ya kale mwaka 1822. Wazo la wiki ni hilohilo: ukijua lugha moja kati ya zilizopo kwenye ukurasa, utaanza kuzisoma nyingine.

Wazo hilo ndilo linaloleta ugumu ambao Wikipedia haina. Kwenye Wikipedia, ukikuta tarehe imekosewa, desturi inakuhimiza uirekebishe mwenyewe papo hapo. Anayejua kusoma sentensi ile kwa kawaida anajua pia kuiandika upya. Kwenye wiki ya programu mambo ni tofauti. Unaweza kuona kwa macho yako kwamba matokeo yaliyobandikwa chini ya suluhisho la APL au Forth hayalingani na yale ambayo kazi inadai, na usiweze kuandika hata mstari mmoja wa lugha hiyo. Kosa umeliona, dawa huna. Alama ilibuniwa kwa ajili ya hali hiyo hasa. Ni njia ya mtu aliyeona kosa kumfikia mtu anayeweza kulitengeneza, hata kama hawafahamiani na hawatakutana kamwe.

Ndiyo maana kigezo cha alama (maandishi ya mfano unayoyajaza ili kisanduku kitokee) kwenye wiki za aina hii hudai vitu viwili: jina la lugha na sababu. Jina la lugha si pambo. Kigezo hulitumia kuuingiza ukurasa katika jamii, yaani orodha ya kurasa, ya mifano ya lugha hiyo inayohitaji kuangaliwa, na wajuzi wa lugha hupitia jamii hiyo wakiwa na nafasi. Ukiandika jina kwa tahajia isiyo ile ya wiki, alama yako itaonekana kwenye ukurasa lakini haitaingia kwenye orodha ya mjuzi yeyote. Utakuwa umempaka mtu doa bila kumwita fundi. Kuangalia tahajia kunachukua sekunde tano.

Sababu ndiyo yenye maneno mengi, kwa hiyo tukae hapo.

Alama husomwa na watu wasiofanana. Kuna aliyeandika msimbo, ambaye anataka kujua arekebishe wapi. Kuna mwanafunzi aliyekuja kujifunza, ambaye hana habari na ugomvi wenu; anachotaka kujua ni kama anakili au asinakili. Na kuna mjuzi atakayepita mwakani, ambaye hakumbuki chochote kwa kuwa hakuwepo. Sababu nzuri inawatosha wote hao bila wao kuhitaji kukuuliza. Kwa hiyo, itaje ingizo ulilotumia, matokeo uliyoyapata, matokeo uliyotarajia, toleo la lugha ulilolijaribu, na sehemu ya maelezo ya kazi ambayo msimbo umeivunja. Anayedai ndiye anayethibitisha. Mwenzako alikwisha kuweka ushahidi wake, yaani msimbo na matokeo; ukimpinga, ni zamu yako kuweka wa kwako.

Nitoe mfano kwa karibu, kwa sababu adabu bila mfano hubaki maneno matamu.

Kuna kazi ya kuchanga orodha, kama mtu anavyochanga karata, ili kila mpangilio uwe na nafasi sawa ya kutokea. Mbinu inayokubalika ni ya wanatakwimu Fisher na Yates, walioielezea mwaka 1938 kwa ajili ya watu wanaotumia kalamu na karatasi; Richard Durstenfeld akaipa umbo la kompyuta mwaka 1964. Unaanza nafasi ya mwisho ya orodha. Unachagua kwa nasibu nafasi moja kuanzia ya kwanza hadi hiyo uliyopo, yenyewe ikiwemo. Unabadilishana vilivyomo, unashuka nafasi moja, unarudia.

Kosa la kawaida ni kuchagua kutoka orodha nzima kila mara, badala ya kuishia kwenye nafasi uliyopo. Ukitazama matokeo mara moja huoni chochote: orodha imechangika, hakuna kilichopotea, hakuna kilichojirudia. Lakini hesabu na vitu vitatu. Hatua tatu, kila hatua chaguo tatu, jumla njia 27 zenye uwezekano sawa. Mipangilio ya vitu vitatu ni sita. Namba 27 haigawanyiki kwa sita, kwa hiyo haiwezekani mipangilio yote ipate haki sawa. Kwa kweli mitatu hupata njia tano tano na mitatu hupata njia nne nne. Msimbo umekosea, na kosa lake halionekani ukiuendesha mara moja.

Sasa jiweke kwenye viatu vya aliyeuandika. Amekuta "si sahihi", anaendesha, anaona orodha iliyochangika. Atafanya nini zaidi ya kukasirika? Mlinganishie na hii:

"Kila hatua inachagua nafasi kutoka orodha nzima, wakati maelezo ya kazi yanataka iishie kwenye nafasi ya sasa. Nimeuendesha mara 27,000 kwa orodha ya vitu vitatu, kwa toleo lililotajwa juu ya msimbo: mipangilio mitatu imetokea karibu mara 5,000 kila mmoja, na mitatu karibu mara 4,000, ilhali kila mmoja ungepaswa kukaribia 4,500. Nadhani ni kikomo cha juu cha namba ya nasibu tu kinachohitaji kubadilishwa, ila lugha hii siijui vizuri. Naomba mwenye kuijua aangalie."

Huyu hajamwambia mtu kwamba ni mjinga. Ametaja mahali, ametaja jaribio ambalo yeyote anaweza kulirudia, na amekiri mpaka wa ujuzi wake. Aliyeandika msimbo anaweza kutengeneza mstari mmoja kisha akaenda kulala kwa amani.

Kazi hiyohiyo ina kosa la pili linalofundisha jambo lingine. Mtu akiondoa nafasi ya sasa kwenye chaguo, yaani akichagua zile za kabla yake tu, msimbo unafanana karibu kabisa na ule sahihi. Ila sasa kwa vitu vitatu hupati mipangilio sita; unapata miwili tu, na hakuna kitu kinachobaki mahali pake kamwe. Mbinu hiyo ina jina, ni ya Sandra Sattolo, iliyochapishwa mwaka 1986, na ni sahihi kabisa kwa kazi nyingine. Kwa hiyo alama ya haki hapa haisemi kwamba msimbo ni mbovu. Inasema kwamba unatatua kazi ya jirani, na inamwelekeza mwandishi auhamishie huko au abadilishe kikomo.

Na kuna kosa la tatu, ambalo ni la mbandikaji mwenyewe. Miaka ya mwanzo niliwahi kubandika alama kwenye suluhisho la Lua la kazi hii. Mzunguko ulianzia nafasi ya mwisho ukaishia ya pili, na namba ya nasibu ilianzia moja. Nilikuwa nimezoea lugha zinazohesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo niliona nafasi moja imeachwa nyuma. Haikuwa imeachwa. Lua huhesabu kuanzia moja, kama Fortran, R na Julia, na msimbo ule ulikuwa safi. Mwandishi alinijibu kwa mistari miwili ya upole na akaondoa alama. Ningeuendesha msimbo wake hata mara moja nisingemsumbua. Mtego wa jamaa na huo uko kwenye Python: fanksheni ya randint, inayotoa namba ya nasibu, hujumuisha kikomo cha juu, mwenzake randrange haikijumuishi, na anayekumbuka moja tu kati ya hizo mbili atauona msimbo wa mwenzake una kosa wakati hauna. Tangu hapo sibandiki alama kwenye kitu nilichokisoma tu bila kukiendesha. Ikiwa siwezi kukiendesha, kwa mfano sina mkusanyaji (programu ya kugeuza msimbo uweze kuendeshwa) wa lugha hiyo, nasema hivyo waziwazi, na natumia alama ya kuomba uhakiki badala ya ile ya kosa.

Maana alama zenyewe si moja. Rosetta Code, kwa mfano, ina kigezo cha msimbo usio sahihi, cha msimbo usiokamilika, cha unaohitaji kuboreshwa, na cha unaohitaji kuhakikiwa. Wengi hukamata ile ya kwanza kwa kila jambo. Hapo ndipo maumivu mengi yanapoanza, maana maneno haya yana uzito tofauti. "Si sahihi" maana yake msimbo unatoa jibu la uongo, au hautoi kile kazi inachodai. "Haujakamilika" maana yake kilichopo ni kizuri ila kazi ina vipengele vinne na mwenzetu amefanya vitatu. Ukimwambia wa pili kwamba amekosea, umemdhulumu: robo tatu ya kazi yake ni sahihi na wewe umeifuta yote kwa neno moja.

Kuna pia msimbo ambao umezeeka tu. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na katika toleo hilo 3/2 ni 1.5, wakati kwenye Python 2 ilikuwa 1. Suluhisho lililoandikwa mwaka 2007 lililotegemea mgawanyo huo wa namba kamili lilikuwa sahihi siku lilipowekwa, na bado ni sahihi kwa Python 2, hata kama lugha hiyo ilifungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Kulibandika kosa ni kumhukumu mtu kwa sheria iliyopitishwa baada ya tendo. Linalohitajika ni kigezo cha kueleza toleo linalofanya nalo kazi, na kama una nguvu, uongeze suluhisho la Python 3 chini yake. La zamani liache. Kuna watu wanaotunza mifumo ya zamani na ni hilo hasa walilokuja kulitafuta.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wenye nia njema hugombana zaidi: msimbo unaotoa jibu sahihi kwa njia isiyotakiwa. Mfano maarufu ni chekeche ya Eratosthenes ya kutafuta namba tasa. Mbinu ni ya zaidi ya miaka 2,000: unaorodhesha namba, unachukua 2, unazikata 4, 6, 8 na kuendelea kwa kuhesabu hatua, unachukua 3, unazikata 6, 9, 12 na kuendelea, hivyo hivyo. Katika chekeche ya kweli hugawanyi kitu. Lakini programu fupi sana zinazosambaa kwa jina hilo, hasa katika lugha za kifanksheni (zinazojenga programu kwa kuunganisha fanksheni), hufanya jambo tofauti: huchukua kila namba na kuigawa kwa namba tasa zilizotangulia ili kuona kama ina baki. Melissa O'Neill aliandika makala ya kitaaluma kuhusu tofauti hiyo mwaka 2009, akionyesha kwamba programu ile fupi si chekeche na kwamba ni ya polepole mno kulinganisha na chekeche yenyewe.

Je, msimbo wa namna hiyo unastahili alama? Kwa maoni yangu ndiyo, bila kusita, ikiwa kazi imedai mbinu kwa jina. Anayefungua ukurasa wa chekeche anataka kuona chekeche katika lugha hiyo. Akipewa mgawanyo, amefundishwa uongo, hata kama namba zilizochapishwa zote ni tasa. Kisha kuna dalili rahisi ambayo hata asiyejua lugha anaweza kuitafuta: alama ya kuchukua baki ya mgawanyo ndani ya sehemu inayokata namba. Iandike dalili hiyo kwenye sababu yako. Lakini kazi ikiwa ni "chapisha namba tasa zote chini ya 100" bila kutaja mbinu, mwache mtu afanye anavyotaka. Maelezo ya kazi ndiyo katiba ya ukurasa, nayo ndiyo yanayoamua, si mapenzi yako wala yangu.

Hapo naingia kwenye ladha, na nitasema kwa ufupi kwa kuwa hakuna mengi ya kusema. Mabano yamewekwa mstari gani, majina ya vigeu ni marefu au mafupi, mwandishi ametumia mzunguko badala ya fanksheni inayojiita yenyewe: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachostahili alama. Hata kasi peke yake haistahili. Fanksheni ya Fibonacci (mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia) inayojiita yenyewe bila kuhifadhi majibu huitwa mara 331,160,281 ili kupata Fibonacci ya 40, na ni kweli hilo ni jambo la kusikitisha kwa kompyuta. Ila kama kazi ilitaka mfano wa fanksheni inayojiita yenyewe, mwandishi ametimiza. Ukiwa na njia bora, iongeze chini ya ile ya kwanza ukaipe kichwa chake. Wasomaji watapata mbili za kulinganisha, na hakuna aliyeumia. Vivyo hivyo kwa 0.1 na 0.2 zikijumlishwa na kutoa 0.30000000000000004: hivyo ndivyo namba za desimali zinavyohifadhiwa kwa mfumo wa mbili kwenye lugha nyingi, na mwandishi hana kosa lolote la kujibu.

Lipo jambo moja linaloniudhi kweli, na sitaficha. Mtu anabadilisha maelezo ya kazi, anaongeza sharti jipya, mathalani kwamba programu ionyeshe pia muda uliotumika. Ukurasa tayari una masuluhisho sitini. Kisha usiku huohuo anapita akibandika alama ya kutokamilika kwenye sitini yote. Kwa herufi ya sheria yuko sawa, masuluhisho hayo hayatimizi maelezo ya sasa. Kwa haki, yeye ndiye aliyeyavunja. Watu sitini wataamka na kukuta kazi zao zimepakwa doa kwa jambo ambalo hawakuulizwa. Kazi inayohitaji sharti jipya ifanywe kazi mpya, au sharti liwekwe kama la ziada, la hiari. Ikibidi kabisa kubadilisha, mjadala uanze kwenye ukurasa wa majadiliano, watu wapewe majuma kadhaa, ndipo alama zifuate. Rosetta Code ina hali ya rasimu kwa kazi changa kwa sababu hii: maelezo yatikiswe na kunyooshwa mapema, kabla watu wengi hawajajenga juu yake.

Kuhusu lugha ya kuandikia sababu, ninayo kanuni moja ambayo imenisaidia: mtenda wa kila sentensi awe msimbo, asiwe mtu. "Msimbo unaikubali tarehe 29 Februari 1900, ilhali mwaka huo haukuwa mrefu kwa kuwa unagawanyika kwa 100 lakini si kwa 400" ni sentensi anayoweza kuisoma mtu yeyote bila kujisikia kushambuliwa. "Umesahau kanuni ya karne" ina ukweli uleule, ila sasa aliyeketi upande wa pili ameshaanza kujitetea. Usiandike "ni wazi kwamba". Kama ingekuwa wazi, asingekosea. Usiandike "kila mtu anajua". Na neno "naomba" halijawahi kumpunguzia mtu heshima.

Kumbuka pia kwamba maandishi hayana sauti wala uso. Wengi wanaochangia wiki hizi wanaandika kwa lugha yao ya pili au ya tatu, na sentensi fupi iliyokosa adabu mara nyingi ni sentensi iliyokosa msamiati. Ukibandikiwa alama kavu, ichukulie kwanza kama ya mtu aliyeishiwa maneno. Muulize: "Uliingiza nini, ukapata nini?" Swali hilo peke yake limezima mabishano mengi niliyoyashuhudia.

Mambo mawili hayafuati utaratibu huu. La kwanza ni msimbo wa hatari, unaofuta mafaili au kuendesha chochote ambacho mgeni amekiandika. Huo usibandikiwe alama ukaachwa. Uondoe kwenye ukurasa mara moja na umwarifu msimamizi, historia ya ukurasa itautunza. La pili ni shaka kwamba msimbo umenakiliwa kutoka mahali ambapo leseni hairuhusu. Hilo ni tuhuma dhidi ya mtu, si kasoro ya programu, na kisanduku cha hadharani si mahali pake. Mwandikie kwanza kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, umwonyeshe ulichokiona. Huenda yeye ndiye aliyeandika kote kuwili.

Baada ya kubandika, kazi yako haijaisha. Uweke ukurasa kwenye orodha yako ya maangalizi. Mwandishi akijibu, mjibu. Akirekebisha na kuondoa alama mwenyewe, ana haki hiyo, na usiirudishe bila ushahidi mpya. Mkishindwa kuelewana, shusha alama iwe ya kuomba uhakiki na mjadala uhamie kwenye ukurasa wa majadiliano, ambako watu wa lugha hiyo wanaweza kusema neno lao bila msomaji wa kawaida kulazimika kupita katikati yenu. Na kama mwandishi ameshaondoka, yeyote anayeijua lugha anaweza kutengeneza. Hahitaji ruhusa ya mtu asiyekuwepo. Kufuta suluhisho zima kwa kuwa lina kosa ni hatua ninayoiona kuwa kubwa mno karibu kila mara.

Alama inayobaki baada ya kosa kwisha ni kosa jipya, na safari hii ni la mbandikaji. Kwa hiyo mwenzako akisema ametengeneza, rudi, fanya jaribio lilelile ulilolitaja mwanzo, kisha uondoe kisanduku kwa mkono wako na uandike kwenye muhtasari wa hariri ulichokiona: "Nimeendesha tena mara 27,000 kwa vitu vitatu, mipangilio yote sita iko kati ya 4,380 na 4,610. Naondoa alama. Ahsante kwa marekebisho."